Msanii kuwa mchapishaji: jibu kwa binti anayetaka kufuata njia ya Dick Higgins

*"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 28, ninaishi Dar es Salaam. Ninaandika mashairi ambayo maneno yake hupangwa kwa umbo, ninarekodi sauti za mnada wa samaki pale Feri, ninapiga video, na ninashona vijitabu kwa mkono. Wachapishaji niliowapelekea kazi zangu waliniambia kwamba hivyo si vitabu. Jumba la maonyesho likaniambia kwamba hiyo si sanaa ya kutundikwa ukutani. Mwalimu wangu wa chuo alinishauri nichague jambo moja kabla sijazeeka nikiwa sijulikani kwa lolote. Hivi karibuni nilisoma habari za Mmarekani Dick Higgins, aliyekuwa mshairi, mtunzi wa muziki, mchoraji na mchapishaji kwa wakati mmoja, ambaye alipokataliwa na wote alifungua kampuni yake mwenyewe. Nimepata fungu langu kutokana na shamba la marehemu baba lililouzwa. Nataka kufungua kampuni ya uchapishaji na kuanza na nakala 1,000 za kitabu changu, kila nakala ikiwa na flashi ya sauti ndani. Higgins alifanikiwaje, na je, ninaweza kufuata njia yake?"*

Marahaba, binti yangu. Ndani ya swali lako mna maswali mawili yaliyofungwa pamoja, na hofu yako, kwa jinsi ninavyoielewa, inatokana na kutoyatenganisha. La kwanza ni la kisanaa: je, kazi isiyoingia katika kundi lolote linalojulikana ina thamani, au ni dalili ya mtu aliyeshindwa kuamua? La pili ni la fedha: je, urithi wako utumike kuitoa kazi hiyo hadharani, na kwa namna gani? Maisha ya Dick Higgins yanajibu swali la kwanza vizuri kuliko maisha ya msanii mwingine yeyote ninayemfahamu. Kwa swali la pili yanatoa onyo, pamoja na njia moja ndogo ambayo wengi wanaomsifu huipita bila kuiona, na ambayo ndiyo ningependa uifuate.

Kwanza tumfahamu mtu mwenyewe. Higgins alizaliwa mwaka 1938 mjini Cambridge, Uingereza, katika familia ya Kimarekani, na alifariki mwaka 1998 mjini Quebec, Kanada. Mwaka 1958 alihudhuria darasa la utunzi wa muziki la John Cage katika taasisi ya New School mjini New York, darasa ambalo pia lilipitiwa na akina Allan Kaprow, George Brecht na Al Hansen, watu waliokuja kubadili sura ya sanaa ya miaka ya 1960. Septemba 1962 yeye na mkewe, msanii Alison Knowles, walikuwa Wiesbaden, Ujerumani, katika tamasha la kwanza la Fluxus, kundi la wasanii wa majaribio, lililoandaliwa na George Maciunas. Jambo ambalo wasimulizi wengi hulitaja haraka haraka, nami nakuomba usilipite, ni kwamba Higgins alisomea pia upigaji chapa katika shule ya ufundi, Manhattan School of Printing. Alijua wino, bamba, karatasi na jalada kama fundi anavyovijua, na bila elimu hiyo sidhani kama leo tungekuwa tunamzungumzia.

Sasa nirudi kwenye maneno yako. Umeandika kwamba alikuwa mshairi, mtunzi, mchoraji na mchapishaji kwa wakati mmoja, kana kwamba alikuwa na kazi nne alizozipokezana kutwa nzima. Yeye mwenyewe hakuliona jambo hilo hivyo, na tofauti kati ya mtazamo wake na huo wako ndiyo kiini cha jibu langu. Mwaka 1965 aliandika insha fupi, akaisambaza Februari 1966 katika toleo la kwanza la jarida dogo la kampuni yake, akieleza kwamba kazi nyingi bora za wakati ule zilikuwa zikitokea katikati ya fani zinazojulikana, mahali ambapo hapakuwa na jina. Mahali hapo alipaita intamidia, neno ambalo alisema amelikuta kwa mshairi Mwingereza Samuel Taylor Coleridge, aliyelitumia mwaka 1812.

Higgins alitofautisha intamidia na midia mseto, na mfano wake wa midia mseto ulikuwa opera. Katika opera, muziki, maneno na mandhari ya jukwaani huambatana, lakini mtazamaji anaweza wakati wowote kusema huu ni muziki, haya ni maneno, ile ni picha. Ukiyaondoa maneno, muziki unabaki kuwa muziki. Katika intamidia viungo vimeyeyukiana kiasi kwamba haviwezi kutenganishwa bila kazi yenyewe kufa. Ushairi wa maumbo, ambao maneno yake yanasomwa na kutazamwa kwa tendo lile lile moja, uko katikati ya ushairi na uchoraji. Hapeningi, yaani tukio la kisanaa lisilo na hadithi wala jukwaa maalumu, liko katikati ya kolaji (picha ya vipande vilivyobandikwa pamoja), muziki na tamthilia.

Sisi wa pwani hii tunao mfano tuliokua nao majumbani, nao ni kanga. Jina la kanga linaweza kusomwa peke yake kama msemo, na mapambo ya pindo na mji yanaweza kutazamwa kama uchoraji. Lakini ujumbe wa kanga haumo katika kimojawapo cha hivyo viwili. Umo katika jina lile, lilivyovaliwa na mtu yule, mbele ya wifi au jirani yule, siku ile. Ukilinakili jina katika daftari unabaki na msemo tu, na aliyerushiwa ujumbe hana tena cha kujibu.

Nimekaa sana katika jambo hili kwa sababu linakupa kipimo cha kazi zako, na kipimo hicho kitakuokolea fedha. Chukua kazi moja, ondoa kiungo kimoja, kisha uone kinachobaki. Ikiwa shairi lako la Feri linasimama vizuri bila sauti uliyorekodi, na sauti inasimama vizuri bila shairi, basi unazo kazi mbili zilizowekwa bega kwa bega. Hilo si kosa, ila kuziuza katika mfuko mmoja kunaongeza gharama bila kuongeza maana. Na ikiwa umeyapanga maneno kwa namna ambayo msomaji hawezi kuyapitia bila kupandisha pumzi na kuharakisha kama mnadi anayekimbizana na bei, basi sauti imo ndani ya ukurasa tayari, na flashi haina kazi. Nina shaka kubwa kwamba flashi ndiyo iliyokuwa ikibeba sehemu ya shairi ambayo hujaimaliza kuiandika.

Higgins na wenzake walikuwa na njia ya kulimaliza tatizo hilo, nayo ni kuandika maelekezo ya kutenda, kama mtunzi wa muziki anavyoandika nota ili mwingine apige. Katika mfululizo wake wa miaka ya 1960 alioupa jina Danger Music, kipande namba 17 kina neno moja tu la amri ya kupiga mayowe, likirudiwa. Mwaka 1962 Alison Knowles alionyesha katika Institute of Contemporary Arts, London, kazi ambayo maelekezo yake yote ni kutengeneza saladi. Hadhira husikia kisu na mboga, kisha hula. Mwaka 1968, huko New Jersey, Higgins alipanga karatasi za nota zipigwe risasi kwa bunduki ya rashasha, kisha mashimo yakasomwa na wanamuziki kama alama za muziki. Watu hupenda kusimulia visa hivi kama vituko vya vijana waliokosa adabu. Mimi naviona kama kazi za nidhamu kali: kila kimoja kina kanuni fupi iliyoandikwa wazi, ambayo mtu mwingine, mahali pengine, anaweza kuitenda bila mwandishi kuwapo. Kazi inayoweza kuandikwa hivyo inaingia katika kijitabu bila betri, bila flashi na bila kuomba umeme. Nakushauri ujaribu kuandika mnada wako wa Feri kwa namna hiyo kabla hujaagiza kifaa chochote.

Kuhusu ushauri wa mwalimu wako wa chuo, sitampinga kwa lote. Amekosea kudhani kwamba katikati ya fani hakuna mahali pa kusimama, lakini hakukosea kutaka uwe na ufundi mmoja ulioushika mpaka mwisho. Kwa Higgins ufundi huo ulikuwa kitabu. Unaposema kwamba wewe unashona vijitabu kwa mkono, naona kwamba huenda umekwisha kuchagua bila kujua.

Ipo habari nyingine katika swali lako ambayo lazima niirekebishe, kwa kuwa umejenga juu yake mpango mzima. Si kweli kwamba Higgins alikataliwa na wote ndipo akafungua kampuni. Maciunas alikuwa ameahidi kuichapisha kazi yake, miezi ikapita, na Higgins akachoka kungoja, akauchukua mswada wake na mwishoni mwa 1963 akaamua kuanzisha kampuni ya kwake. Kinachosimuliwa ni kwamba alirudi nyumbani na jina la kampuni, Shirtsleeves Press. Knowles hakulipenda, akamwambia aite kitu kingine, naye akaiita hivyo hivyo: Something Else Press, yaani "Kitu Kingine". Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1964. Kilikuwa vitabu viwili katika jalada moja: kimojawapo, Jefferson's Birthday, kilikusanya kila alichoandika katika mwaka mmoja, kuanzia 13 Aprili 1962 hadi 13 Aprili 1963, kibaya kwa kizuri, cha pili, Postface, kilikuwa insha kuhusu sanaa ya kizazi chake.

Lau angeishia hapo angekuwa mtu aliyejichapisha mwenyewe, jambo la heshima lakini la kawaida. Kilichofanya jina lake lidumu ni kwamba baada ya kitabu hicho alitumia karibu miaka 10 kuwachapisha wengine. Mwaka 1966 alitoa upya, kwa ukamilifu, riwaya ya mwandishi Mmarekani Gertrude Stein, The Making of Americans, yenye kurasa 925, ambayo ilikuwa imetoka Paris mwaka 1925 kwa nakala chache na tangu hapo ikawa kama hadithi ya kitabu badala ya kitabu. Mwaka 1967 alitoa mkusanyo mkubwa wa ushairi wa maumbo kutoka nchi nyingi, uliohaririwa na Emmett Williams. Kama hujawahi kuushika, tafuta nakala, kwa sababu humo utawakuta ndugu zako. Mwaka 1969 alitoa Notations ya John Cage, iliyokusanya kurasa za nota za watunzi 269, na mwaka huo huo akakirudisha sokoni kitabu cha nadharia ya muziki cha Henry Cowell, ambaye alikuwa mwalimu wake. Swali ambalo ningekuuliza ana kwa ana ni hili: ukifungua kampuni, umepanga kumchapisha nani mwingine? Kama huna jina hata moja, unachokihitaji ni mpiga chapa mzuri, wala huhitaji kampuni.

Sasa tufike kwenye siri ya kazi yake ya uchapishaji, ambayo kwa kweli haikuwa siri. Watu wa majaribio wa wakati wake walikuwa wakitoa kazi katika visanduku, bahasha, kadi zilizolegea na karatasi zilizorudufiwa kwa bei rahisi. Vitu hivyo vilipendeza, lakini maktaba haikujua ivipange wapi, duka halikuwa na rafu ya kuviweka, na baada ya miaka michache vilikuwa vimetawanyika. Higgins alichukua mawazo yale yale ya ajabu, akayavalisha vazi la kitabu cha kawaida chenye mgongo, jalada gumu, karatasi ya kudumu na mishono imara. Mkutubi aliyekiona hakuwa na sababu ya kukikataa. Kitabu chake mwenyewe cha mwaka 1969, kinachokwenda kwa safuwima nne sambamba katika kila ukurasa, alikijalidi kwa rangi nyeusi mfano wa kitabu cha sala. Kwa hiyo wachapishaji waliokuambia "hiki si kitabu" wamekupa, bila kukusudia, shauri zuri la kiufundi: kifanye kionekane kitabu kwa nje kadiri uwezavyo, ili ndani uwe huru kabisa.

Jambo la pili alilolifanya ni kujenga hadhira kwa posta. Jarida lile dogo nililolitaja lilikwenda kwa watu waliokuwa katika orodha yake, likiwa na insha fupi pamoja na habari za vitabu vipya. Msomaji alielewa kwanza kwa nini kitabu cha namna hiyo kipo, kisha ndipo akaulizwa kama anakitaka. Kitabu ambacho hakina kundi hakiwezi kujiuza dukani, maana mnunuzi hajui akitafute kwa jina gani. Mchapishaji wake anapaswa kuwa pia mwalimu wake, kwa uvumilivu, toleo baada ya toleo.

Jambo la tatu ndilo ile njia ndogo niliyokuahidi. Kati ya mwaka 1965 na 1967 kampuni ilitoa mfululizo wa vijitabu 20 vilivyoitwa Great Bear Pamphlets, vingi vikiwa na kurasa 16, vya bei ya chini, kila kimoja kikiwa cha msanii mmoja au mada moja. Cha Alison Knowles kilibeba maelekezo ya kazi zake, ile saladi ikiwamo. Kaprow alikuwa na chake, Cage chake, Brecht chake, Jerome Rothenberg chake. Kingine kilikuwa tafsiri ya ilani ya mwanzoni mwa karne ya 20 ya Mtaliano Luigi Russolo kuhusu sanaa ya kelele. Idadi ya kurasa 16 inatokana na ufundi wenyewe: karatasi moja kubwa, ikichapwa pande zote mbili na kukunjwa mara tatu, hutoa kurasa 16, hivyo hakuna kipande kinachotupwa na ushonaji ni wa mara moja. Vijitabu hivi vilitembea kuliko vitabu vikubwa, kwa sababu mwanafunzi aliweza kununua na kumpa rafiki. Vilichapwa upya miongo minne baadaye, na leo vinasomwa pia kwenye intaneti.

Hapa lazima nilizungumzie suala la fedha bila kuficha, kwa sababu simulizi nyingi hulipitia pembeni. Higgins alitoka katika ukoo tajiri wa viwanda. Familia yake ilimiliki kiwanda cha chuma mjini Worcester, jimbo la Massachusetts, na kampuni yake ya vitabu iliendeshwa kwa kiasi kikubwa kwa mali ya urithi. Kitabu cha kurasa 925 cha mwandishi anayeogopwa na wasomaji hakichapwi kwa faida ya mashairi. Hata kwa mtaji huo, Something Else Press ilifilisika mwaka 1974. Kufikia wakati huo Higgins alikuwa amehamia California kufundisha, kampuni ikahamishiwa Vermont, uhariri ukawa mikononi mwa Jan Herman, na mwanzilishi akawa amejitoa. Uhamaji ule ulichangia, lakini udhaifu wa msingi unaipata kampuni yoyote ya namna ile: fedha hutoka zote siku ya kuchapa, na hurudi kidogo kidogo kwa miaka, zikirudi.

Naomba uufahamu vizuri utaratibu huo kabla hujagusa fungu lako. Katika uchapaji wa ofseti, yaani wa mashine inayotumia bamba, gharama kubwa hutangulia: kutengeneza bamba, kuitayarisha mashine, karatasi zinazoharibika mpaka rangi ikae sawa. Gharama hizo ni zile zile uchape nakala 100 au 1,000, ndiyo maana mpiga chapa atakuonyesha kwamba ukiagiza nyingi bei ya nakala moja inashuka. Ni kweli inashuka, lakini jumla unayolipa inapanda, na nakala hazinunuliwi kwa sababu zilichapwa kwa bei nafuu. Maduka mengi yatazichukua kwa mali kauli, yakulipe baada ya kuuza, na yakurudishie zilizobaki zikiwa na pembe zilizokunjika. Zilizobaki kwako zitahitaji chumba kikavu, na hewa ya Dar es Salaam ina chumvi na unyevu, na mchwa hawabagui fani ya sanaa. Ukiongeza flashi katika kila nakala, umefunga ndani ya kitabu kitu chenye bei kubwa kuliko karatasi yote, ambacho baada ya miaka kadhaa huenda kisisomeke.

Kwa hiyo, nikipima njia zilizo mbele yako, nakala 1,000 za kitabu cha kwanza siziungi mkono. Zingekuwa na maana endapo ungekuwa tayari na wanunuzi walioagiza, au taasisi iliyokubali kwa maandishi kuchukua sehemu kubwa. Njia ya kutoa kila kitu kwenye intaneti pekee haina gharama ya ghala, na sauti zako zinafaa kuwekwa huko, msomaji akielekezwa kwa alama ya kuskani iliyochapwa ndani ya jalada. Lakini wewe ni fundi wa karatasi, na kazi yako ikikaa kwenye skrini tu itapoteza kile ulichokisoma kwa vidole vyako. Isitoshe, anwani za mtandaoni hufa mwenye nazo asipolipia, hivyo shairi lisiitegemee alama hiyo ili lieleweke. Njia ninayoiamini kwa hali yako ni mfululizo wa vijitabu vya kurasa 16, vichapwe kwa mashine ya dijitali isiyohitaji bamba, nakala 100 au 150 kwa kila toleo, ushone mwenyewe, cha kwanza kiwe chako na cha pili kiwe cha mtu mwingine. Utajifunza katika matoleo matatu mambo ambayo kitabu kimoja kikubwa kingekufundisha kwa hasara.

Ipo pia njia ya ushirika, ambayo Higgins mwenyewe aliielekea. Mwaka 1972, kabla kampuni kubwa haijaanguka, alianzisha Unpublished Editions, na mwaka 1978 ikageuka kuwa Printed Editions, ushirika wa wasanii akiwamo Knowles, Cage, Philip Corner, Jackson Mac Low na Pauline Oliveros. Kila msanii alibeba kitabu chake, na wote wakatumia katalogi moja na njia moja ya kusambaza. Ushirika haukuwa na fahari ya kampuni ya kwanza, ila hasara ya mmoja haikuwazamisha wote. Ukiwapata wasanii wenzako watatu wenye subira, ningekushauri mwanze hivyo. Ugumu wake ni kwamba ushirika unahitaji mtu wa kuandika hesabu kila wiki, na wasanii wengi hukwepa kazi hiyo. Mkiianza bila mtu huyo, urafiki ndio utakaolipa.

Maandishi haya hayawezi kumaliza kila jambo, na yapo ambayo unapaswa kuyapeleka kwa watu ana kwa ana. Kwanza ni fungu la urithi. Ikiwa mgawo haujakamilika kwa maandishi, au bado kuna ndugu anayenung'unika, usichape hata ukurasa mmoja mpaka msimamizi wa mirathi na wakili wakuthibitishie kwamba fedha hiyo ni yako. Pili ni muundo wa biashara. Kusajili jina la biashara BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, ni rahisi, lakini jina hilo halitenganishi mali yako na madeni ya kazi. Kampuni yenye dhima yenye ukomo hutenganisha, ila ina wajibu wa hesabu na taarifa za kila mwaka. Wakili au mhasibu atakueleza lini inafaa kuvuka kutoka la kwanza kwenda la pili.

Tatu ni haki za watu wengine. Wanadi na wauzaji uliowarekodi pale Feri hawajawa mali yako kwa kuwa ulibonyeza kitufe. Rudi kwao, wasikilizishe ulichokitengeneza, omba ridhaa yao kwa maandishi kwa lugha wanayoielewa, na kubalianeni kuhusu malipo endapo kazi itauzwa. Kazi yako mwenyewe inalindwa na sheria tangu ulipoiandika au kuirekodi, lakini kuisajili katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, kunakupa ushahidi ukitokea mgogoro, na maofisa wa pale wanaweza kukushauri kuhusu hakishiriki, yaani haki zinazoambatana na hakimiliki, za watu waliomo katika rekodi. Namba ya ISBN huombwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Usiidharau kwa sababu kitabu ni kidogo. Ndiyo inayomwezesha mkutubi wa Nairobi au Madrid kukiagiza, na huko Madrid, katika jumba la makumbusho la Reina Sofía, vitabu vya Something Else Press vilifanyiwa maonyesho makubwa mwaka 2023, karibu miaka 50 baada ya kampuni kufilisika, kwa sababu vilikuwa vimetunzwa katika maktaba na makusanyo.

Mwisho nenda kwa mpiga chapa, na usiende mikono mitupu. Chukua kijitabu ulichokishona kwa karatasi tupu, chenye ukubwa kamili na kurasa 16, ukimwekee mezani. Muulize karatasi yake kubwa ina vipimo gani, ili umbo la kijitabu chako litoke humo bila kupoteza vipande. Muulize pia nyuzi za karatasi zinaelekea upande gani: zikienda sambamba na mgongo wa kijitabu, kitafunguka kwa ulaini, zikienda kinyume, kitakakamaa na kujikunja mara unyevu wa masika utakapoingia. Asiyeelewa swali hilo mshukuru na uende kwa mwingine. Anayelielewa mwombe achape nakala moja ya majaribio kwa karatasi ile ile atakayotumia, uilipie, uishone, ukae nayo wiki mbili nyumbani, umpe pia mmoja wa wanadi wa Feri aisome kwa sauti mbele yako. Baada ya hapo ndipo uzungumze naye bei ya zile 100.